Usingizi wa Msongamawe

Laurensia alirudi Visiga kutoka Muleba, walikokwenda kumzika mama mkwe wake, akiwa na mafua, miguu iliyovimba kwa safari, na mkungu wa ndizi aliofungashiwa na mawifi. Kila aliyemwona wiki ile alimwambia neno moja: pumzika. Jirani alimwambia akiwa ng'ambo ya ua, "Mama Brighton, umefanya kazi kubwa, sasa pumzika." Akina mama wa jumuiya waliokuja kumpa pole walikaa sebuleni, wakanywa chai aliyoichemsha yeye mwenyewe, wakamwombea marehemu, wakamwambia apumzike, wakaondoka. Akaosha vikombe.

Shida ni kwamba alikuwa amesahau kupumzika kunavyofanywa. Bibi yule, mama mkwe wake, aliletwa kwao mwanzoni mwa ugonjwa wa kusahau, wakati alipokuwa anasahau funguo tu. Baadaye akasahau njia ya kwenda dukani, halafu majina ya watu, halafu choo kilipo. Mchana alishinda na msichana wa kazi, na wasichana hawakudumu, kwa sababu bibi alifinya na kutema mate. Laurensia alifanya kazi mapokezi katika ofisi moja ya serikali Dar es Salaam. Alitoka nyumbani giza likiwa bado nene, akarudi jioni, na kuanzia hapo mpaka kesho yake bibi alikuwa wake: kumwogesha, kumlisha, kumbadilisha, kumrudisha kitandani. Miaka yote hiyo alilala usingizi wa mang'amung'amu, sikio moja likisikiliza chumba cha pili. Sasa chumba cha pili kilikuwa kitupu, godoro limeanikwa nje, lakini sikio lilikuwa halijapata habari. Lilimwamsha vilevile, akakaa kitandani akingoja kuitwa.

Mumewe, Silvanus, alikuwa mwalimu wa hesabu huko Mlandizi. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kumpiga wala kumtukana, na mshahara wake ulifika nyumbani. Alimpenda mama yake pia, kwa namna ya kupita mlangoni kila asubuhi na kumwuliza kwa sauti kubwa kama amelala salama. Jioni moja, ndizi za Muleba zikiwa mezani, alimwambia mkewe, "Baba mdogo Telesphory hali yake unaijua."

Laurensia aliijua. Mzee Telesphory, mdogo wa marehemu baba yake Silvanus, alikuwa amepigwa kiharusi tangu mwanzo wa mwaka. Upande wa kulia haukufanya kazi na maneno yalimtoka kwa shida.

"Anatakiwa awe karibu na hospitali kubwa, afanye mazoezi ya viungo," Silvanus aliendelea. "Ukoo umeonelea aje hapa. Chumba kipo."

"Umeonelea lini?"

"Kwenye kikao cha siku ya kuanua matanga."

"Mimi nilikuwa wapi?"

Silvanus alifikiri kidogo. "Ulikuwa jikoni," alisema. Kisha akatabasamu, kama mtu anayemkabidhi mwenzake zawadi. "Walikusifu sana, Mama Brighton. Walisema hakuna anayejua kumtunza mgonjwa kama wewe."

Laurensia alitazama sahani yake. Kulikuwa na mambo ya kusema, aliyahisi yamejaa kifuani, lakini kuyasema kulihitaji nguvu, na nguvu hiyo hakujua angeitoa wapi. "Sawa," akasema. Akainuka kutoa vyombo.

"Sawa" hiyohiyo ndiyo iliyompeleka Msongamawe. Hajira, binti wa kitengo cha manunuzi aliyependa kupanga shughuli za wenzake, alipita mapokezi akikusanya watu wa kwenda kutembelea hifadhi siku ya Jumamosi.

"Dada Laurensia, twende. Ni huko Kisarawe, mbele ya Chole. Kuna mapango ya mawe ya chokaa, kuna msitu, kuna hewa. Utalii wa ndani, dada! Tunawaachia Wazungu tu?"

"Sijui, mdogo wangu."

"Unatoka msibani. Unahitaji kubadilisha mazingira. Nikuandike?"

Na yeye, ambaye kitu pekee alichokihitaji ni kitanda kisichoita, akasema sawa.

Jumamosi hiyo kosta ilimkuta barabarani Visiga, jua likianza kuchomoza. Dereva alikuwa Hemedi, mtu mzima wa ofisini kwao, mpole, mwenye kofia ya kiua. Waliotoka Dar walikuwa wameshapasha sauti. Walimpigia makofi alipopanda, wakampisha kiti cha mbele, wakaendelea kuimba. Walikata kushoto Mlandizi, wakaingia barabara ya vumbi, wakapita mikorosho, mashamba ya mananasi na magunia ya mkaa yaliyosimamishwa pembeni yakingoja wanunuzi. Laurensia aliegemeza kichwa kwenye kioo. Kila alipoanza kusinzia, kosta iliruka shimo na kioo kikampiga kichwani.

Hifadhi ya Msongamawe ilianza ghafla. Mashamba yalikwisha, msitu ukasimama, na ndani ya msitu yalionekana mawe ya kijivu, marefu kuliko nyumba, yenye ncha na mikunjo kama nguo iliyokamuliwa ikasahauliwa juani. Mizizi ya mikuyu ilikuwa imeyakumbatia mawe hayo kutoka juu hadi chini. Palikuwa na kibanda cha kulipia, banda la makuti ambako akina mama wa kijijini waliwapikia wageni, na mwongozaji aliyewangoja akiwa amevaa buti za mpira na shati la kijani.

"Karibuni. Naitwa Mwanamvua," alisema. Alikuwa mwanamke aliyekaribia umri wa makamo, mkavu wa mwili, na sauti yake ilikuwa na ile lafudhi ya watu wa Kisarawe wa ndani. Alimwona Laurensia, aliyekuwa mkubwa kuliko wenzake, akamwinamia kidogo. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mwanamvua aliwaeleza masharti. Jiwe hili ni chokaa, alisema, na mvua hulila kidogo kidogo. Ndiyo maana ardhi yote hapa ina mashimo, mengine yamefunikwa na majani, kwa hiyo mtu asitoke njiani. Mawe yanayoning'inia ndani ya pango yasishikwe, maana jasho la mkono huyaharibu. Asiondoke mtu na jiwe, wala ua, wala konokono. Zamani watu walikuja kuyavunja mawe na kuyachoma kwenye matanuri wapate chokaa ya kupaka nyumba, na kuni za matanuri zilitoka humuhumu. "Hata marehemu baba yangu alichoma," alisema. "Tulikula kwa hiyo kazi. Hifadhi ilipotangazwa tulilia njaa. Mimi leo nala kwa kuyalinda. Haya, twendeni, na tusiachane."

Njia ilikuwa ya kupanda. Vijana walitangulia wakipiga picha. Laurensia alibaki nyuma, viatu vyake vya raba vikiteleza juu ya mawe yenye ukungu wa kijani, joto la unyevunyevu likimshika shingoni kama kitambaa cha maji moto. Hajira alirudi nyuma kumsaidia.

"Nipe huo mkoba, dada. Nikubebee."

Laurensia akampa mkoba, wenye simu, maji na miwani. "Hajira," alisema, akihema, "ninyi nendeni. Nikishindwa nitarudi zangu kwenye gari nikae na Hemedi."

"Ukishindwa, sawa. Lakini jikaze, pango si mbali."

Akajikaza. Kujikaza alikujua.

Mlango wa pango ulikuwa mpana, na hewa iliyotoka ndani ilikuwa baridi mpaka watu wakasema "aah" kwa pamoja. Mwanamvua aliwasha tochi akatangulia. Walipita chini ya popo waliojikunyata darini, wakapita mawe yaliyoning'inia yakitoa maji tone kwa tone, wakafika ukumbi mmoja mkubwa usio na mwanga kabisa. Kutoka hapo, Mwanamvua alisema, kuna njia nyingine ya kutokea upande wa pili, kwenye kidimbwi. Lakini kwanza wakae.

"Tafuteni pa kukaa, mzime tochi na simu. Tunyamaze. Wageni wengi hawajawahi kusikia mahali pasipo na sauti. Msiogope, nipo."

Laurensia aliona, kabla taa hazijazimwa, ukingo mdogo mkavu nyuma ya nguzo ya jiwe, pembeni ya wenzake. Akaenda akakaa, akaegemea. Jiwe lilimpokea mgongo vizuri kuliko kiti cha kosta. Tochi zikazimika, moja baada ya moja. Mtu mmoja alicheka kwa woga, mwingine akamwambia shii. Kisha kukawa kimya.

Giza lile halikuwa kama la usiku. Usiku wa Visiga una malori ya barabara ya Morogoro, una mbwa, una chumba cha pili. Hapa ukifungua macho na ukiyafumba ilikuwa mamoja. Laurensia alisikiliza, kama ilivyokuwa desturi yake, akingoja kuitwa. Akasikiliza zaidi. Hakukuwa na kitu. Sikio lile lililokuwa zamu miaka yote liliachia, na usingizi ukamchukua kabla hajapata nafasi ya kuuogopa.

Wenzake walipoinuka hawakumwona. Tochi ziliwaka, watu wakasimama wakijipangusa suruali, wakaanza kusukumana kuelekea mwanga wa upande wa pili. Mwanamvua aliuliza kama wote wapo. Dada mmoja wa uhasibu akasema Mama Brighton alishasema atarudi kwenye gari, bila shaka alirudi. Hajira, aliyekuwa na mkoba begani na mawazo kwenye picha, akasema ndiyo, alisema hivyo kweli. Wakatoka.

Laurensia aliamka kwa kuitwa. Ndivyo alivyodhani. "Naam mama, nakuja," alijibu, akainuka kwa haraka aliyoizoea, na paji la uso likagonga jiwe. Akarudi kukaa kwa kishindo. Aliupeleka mkono akahisi damu, si nyingi, yenye joto. Akapapasa kutafuta swichi ya taa ukutani, akakuta ukuta umelowa, hauna swichi, na ndipo akili zikamrudi. Aliyemwita alikuwa Muleba, chini ya udongo mwekundu.

Mara ya kwanza roho ilimruka. Aliita, "Hajira!" na sauti yake ikazunguka ikamrudia imechoka kuliko ilivyotoka. Alikumbuka mashimo. Alikumbuka mkoba wake ulipo. Akajua kwamba hawezi kupiga hatua hata moja, na kwamba kuinuka kungekuwa upumbavu. Basi akakaa. Alifunga kichwa kwa kitambaa cha kanga alichokuwa amejitanda, akakunja miguu.

Na alipokwisha kukaa, hofu ikaanza kumtoka, taratibu. Kilichobaki hakikuwa furaha, asije mtu akasema hivyo. Kilikuwa uchovu mtupu, uchovu ambao hapakuwa na kazi ya kuusukuma pembeni. Aliuhisi mabegani, kwenye nyonga, kwenye vidole vilivyokamua nguo za mtu mzima kila alfajiri. Hakuwa amewahi kuuona wote kwa pamoja.

Akamkumbuka bibi. Alasiri moja, mwaka wa mwisho, alikuwa akimwogesha kwenye beseni uani. Bibi wakati huo hakumjua mtu. Kwake Silvanus alikuwa "padri", na Laurensia alikuwa "wewe wa maji". Alasiri ile, maji yakimtiririka usoni, bibi alimtazama kwa muda mrefu, macho yake yametulia kama ya zamani, akamwuliza, "Binti, kwenu wanajua kama uko huku?"

Laurensia alicheka siku ile, akawahadithia kazini, nao wakacheka. Sasa hakucheka. Alilia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama hakulia msibani ambako alikuwa na masufuria ya kuangalia. Alimlilia bibi, maana alimpenda, hata kwa finyo zake zote. Alijililia na yeye mwenyewe. Alipomaliza alipangusa pua kwa ncha ya kanga, akaegemea tena.

Hapo ndipo aliposikia jina lake likiitwa kweli. "Mama Laurensiaaa!" Ilikuwa sauti ya Mwanamvua, mbali, upande wa mlango wa kwanza. "Mama! Mama Laurensia, upo?"

Alipaswa kuitika. Alijua. Neno lilikuwa fupi, "nipo", na mdomo ulikuwa wake. Lakini aliuhisi mkono wake umetulia pajani katika giza lile, na mdomo haukufunguka. Sauti ikaita tena, karibu zaidi, sasa ikiwa na mtetemo. Kukasikika kuteleza, kitu kikaanguka, Mwanamvua akasema "Mungu wangu" kwa sauti ya maumivu. Laurensia akaendelea kunyamaza.

Mwanga wa tochi ukaingia ukumbini, ukapapasa kuta, ukapita nguzo, ukarudi, ukamwangukia usoni. Mwanamvua alitoa pumzi kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo.

"Mama! Alhamdulillahi. Umeumia?"

"Kidogo tu. Paji la uso."

Mwanamvua alipiga magoti, akakichunguza kitambaa, akamtazama macho. Macho yalikuwa makavu na wazi. Akaishusha tochi pole pole.

"Ulikuwa macho?"

"Nilikuwa macho."

"Ulinisikia nikiita?"

"Nilikusikia."

"Sasa mbona hukuitika, mama?"

"Nimechoka kuitika," alisema.

Mwanamvua alikaa chini palepale kwenye unyevu. Suruali yake ilikuwa imechanika gotini na goti linavuja damu. Aliiweka tochi chini, kivuli cha nguzo kikasimama ukutani. Kisha alisema kwa sauti ya chini, ya hasira iliyobanwa.

"Mimi nimekimbia kutoka kidimbwini mpaka kwenye gari, dereva akaniambia hujafika. Nimerudi mbio kwa miguu hii. Kila shimo la njiani nimelimulika nikitafuta maiti yako. Unajua hilo? Nikipoteza mgeni, mimi kazi sina, na watakuja kuwauliza na wale mama wanaopika pale nje. Na wewe umekaa hapa unanisikia."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nakusamehe, lakini nimekasirika."

"Una haki."

Maji yalidondoka mahali fulani. Mwanamvua alikunjua goti, akalipuliza kama watoto wanavyofanya. "Umefiwa?" aliuliza baadaye, hasira ikiwa imeshuka daraja moja. "Yule binti analia huko nje anasema umetoka msibani."

"Mama mkwe. Nilimwuguza muda mrefu." Kisha Laurensia akajisikia akiongeza, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa na mwingine, "Na sasa wananiletea mwingine."

"Nani wanakuletea?"

"Ukoo. Baba mdogo wa mume wangu. Kiharusi."

"Ukakubali?"

"Nilisema sawa."

Mwanamvua aliguna. Hakumsimulia ya kwake, ingawa bila shaka alikuwa nayo. "Mama," alisema hatimaye, "kuchoka si kosa. Kosa ni kuninyamazia mimi, maana mimi sijakufanya kitu. Walio huko nyumbani ndio wa kuambiwa. Haya, simama, nishike bega. Chunga kichwa."

Wakatoka hivyo, mmoja akichechemea, mwingine akiyumba, kwa mlango wa kwanza, ambao ulikuwa karibu. Mwanga wa nje ulimchoma Laurensia macho mpaka akasimama. Wenzake walikuwa wamekusanyika pale. Hajira alimrukia akamkumbatia, mkoba wake ungali begani, akilia na kusema, "Dada nisamehe, dada nilidhani uko kwenye gari." Kijana mmoja akapiga makofi, wengine wakafuata, halafu wakaona haieleweki wanashangilia nini, wakaacha.

Mwanamvua aliuliza kama Laurensia angependa kukiona kidimbwi, kwa kuwa ndicho watu wanachokifuata hasa. Maji yake ni ya buluu na njia si mbaya. "Asante," Laurensia alisema. "Napenda kukaa."

Basi wengine walikwenda kumalizia matembezi yao, naye akakaa kwenye banda la makuti. Mama mmoja wa jikoni alimsafisha jeraha kwa maji ya chumvi, akamfunga, akamletea wali, kunde na samaki wa kukaanga. Laurensia alikuwa anakula chakula alichopakuliwa na mtu mwingine, sahani imejaa, na hakuna aliyemwangalia kuona kama atainuka kuosha. Alikula polepole akamaliza. Hemedi alikaa meza ya pili akisoma gazeti la juzi, asimsemeshe, na kwa hilo Laurensia alimshukuru moyoni.

Alifika Visiga wakati wa magharibi. Silvanus alikuwa sebuleni akisahihisha madaftari ya wanafunzi. Aliona bandeji, akasimama.

"Umefanyaje?"

"Nilisahauliwa pangoni."

Silvanus alicheka, kwa sababu lilisikika kama mzaha. Kisha akamwona mkewe hacheki. "Ulisahauliwa? Na nani?"

"Na wote. Nilikuwa nimelala." Laurensia alikaa kwenye kochi bila kuvua viatu, jambo asilolifanya kamwe. "Baba Brighton, kaa. Nataka kukuambia kitu, na nikiingia jikoni sitakisema tena."

Silvanus akakaa.

"Sitamwuguza baba mdogo."

"Unasemaje?"

"Sitaweza. Nilisema sawa, nilikosea. Nimechoka. Si kuchoka kwa leo."

"Mama Brighton, nauli imeshatumwa. Wameshamfungia mizigo. Nitawaambia nini?"

"Waambie hivyo, kwamba nimechoka."

"Watasema umebadilika. Watasema ulikuwa unamtunza mama kwa kinyongo."

Hilo lilimwuma. "Wanaosema hivyo kila mmoja ana chumba," alisema. "Na kama ni lazima aje kwetu kwa sababu ya hospitali, aje. Yeye ni baba yako. Utamwogesha wewe."

"Mimi?"

"Mikono unayo."

Silvanus alimtazama mkewe kama mtu aliyekosea nyumba. Akakusanya madaftari yake, akaenda kusahihishia chumbani. Siku kadhaa walizungumza ya lazima tu: mita ya umeme, ujumbe wa mtoto wao Brighton kutoka chuoni Dodoma. Simu kutoka Muleba zilikuwa nyingi. Laurensia alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, na ulimtosha. Wifi yake mmoja alimpigia mwenyewe akamwuliza ameokoka katika dhehebu gani linalokataza kuhudumia wagonjwa. Baada ya simu ile alikaribia kabisa kuirudisha "sawa" yake. Hakuirudisha. Nguvu za kurudia mjadala hakuwa nazo, na safari hii uchovu ulimsaidia.

Mzee Telesphory alikuja. Alishushwa na basi Visiga akiwa amebebwa mgongoni na kijana wa kondakta, mwepesi, mwenye aibu, macho yake yakiomba radhi kwa kila mtu. Laurensia alimpokea vizuri, akamwandalia chakula, akakaa naye akimweleza habari za nyumbani. Lakini maji yalipochemka, aliyabeba mpaka mlango wa bafu, akamkabidhi Silvanus, akaondoka.

Haikuwa rahisi kutazama. Silvanus hakujua kumgeuza mtu kitandani bila kumvuta bega bovu. Mara mbili mzee alianguka, mara moja wote wawili walianguka. Mwalimu alianza kufika shuleni na shati lisilopigwa pasi. Laurensia alimwonyesha namna ya kuweka goti na namna ya kushika kiuno, mara moja kila jambo, akarudi chumbani. Mlango aliufunga. Mwanzoni alilala nyuma yake macho makavu, akisikia kikohozi, akihesabu makosa, mwili mzima unataka kuinuka. Majirani nao hawakukosa la kusema. Mwanamke anamwachia mwanaume kazi hizo, na yeye yupo, mzima!

Baada ya majuma kadhaa, Silvanus alikaa mezani na chai mbele yake, hajainywa, macho mekundu. "Siku zile za mama," alisema bila kuinua uso, "ulikuwa unatoka hapa, unakwenda Dar, unarudi."

"Ndiyo."

"Kila siku."

"Kila siku, Baba Brighton."

Silvanus akanywa chai. Hakuomba msamaha siku ile wala baadaye. Jioni yake alimpigia simu wifi yule wa Muleba, na kwa mara ya kwanza Laurensia akamsikia akimpandishia dada yake sauti. Dada akaahidi kumchukua mzee mwezi wa kumi na mbili. Kama angefanya hivyo ama asingefanya, ilikuwa bado kujulikana.

Jumapili moja baada ya mvua, Laurensia aliamka akakuta misa ya kwanza imeshampita. Hakuumwa. Alikuwa amechoka tu, bado, na alikuwa ameanza kuelewa kwamba uchovu wa aina ile hauondoki kwa Jumamosi moja wala kwa mwaka mmoja. Kutoka bafuni zilisikika sauti za wanaume wawili wakibishana kwa Kihaya: Silvanus anasema maji si ya moto, mzee, kwa maneno yake ya kuvutavuta, anasema ni ya moto. Beseni likapinduka. Mzee akaanza kucheka, cheko la upande mmoja wa mdomo, na Silvanus, baada ya kutafakari, akacheka naye.

Maji yalitiririka ukumbini. Laurensia aliyasikia yanavyosambaa, akajua kabisa fagio lilipo na tambara lilipo. Alijigeuza, akatazama ukutani, akavuta shuka mpaka begani.

Alipoamka tena ilikuwa mchana, na sakafu ilikuwa imekauka.